Sarafu ya Khiva Shingoni mwa Mdogo Wangu

Wiki iliyopita mdogo wangu, sasa mzee mzima mwenye mvi, alikuja kwangu Kimara akanitia kiganjani sarafu ya fedha yenye tundu. "Dada, mrudishie mwenyewe," akasema.

Mwenyewe ni mwalimu wetu wa darasa la tano, pale Temeke, enzi za Ujamaa, tulipokuwa tukimwagilia mchicha wa shule kwa makopo kabla ya kengele. Alikuwa amepelekwa kusoma Tashkent, Usovieti, akarudi na sarafu saba za Khiva, nchi ya huko iliyotawaliwa zamani na makhan, wafalme wao. Alizitafuta moja moja sokoni, siku nyingine akishinda njaa ili aipate. Ni adimu, alituambia, lakini ni pesa tu. Watu walinunulia tikiti maji na mkate. Kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mzuri, aliniazima moja nikaichore nyumbani.

Nyumbani mdogo wangu alikuwa na miezi minane, na homa ya siku ya nne. Nilipokwenda kuchota maji, bibi akaiona sarafu juu ya daftari, imejaa maandishi ya Kiarabu pande zote mbili. Niliporudi alikwishaitoboa kwa msumari, ameitia uzi mweusi, imo shingoni mwa mtoto.

"Hiyo ni aya. Asiivue mtu," alisema. Alfajiri homa ikashuka.

Ningefanyaje, rafiki yangu? Nikisema ni pesa ya tikiti, ikavuliwa, homa ikarudi, nimemuua mimi. Nikinyamaza, mimi mwizi. Siku tatu sikumaliza uji, na bibi akinitazama: "Mficha maradhi kilio humuumbua." Shuleni nilikuwa najificha nyuma ya wenzangu. Siku ya nne mwalimu akaja nyumbani mwenyewe, akamkuta bibi na mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe umesoma, hebu tazama. Si aya hii?"

Mwalimu, Mkristo wa bara, akainama. Kidole gumba chake kikapita juu ya tundu, kikarudi tena. Mtoto akakishika kile kidole, akacheka.

"Mie siijui Kurani, mama. Ila naona mtoto kapona. Iacheni."

Akitoka, akanigusa kichwa kwa upole. Heri angenichapa.

Mwaka uleule alihamishiwa kijiji cha Ujamaa, akaondoka na sarafu zake sita. Juzi nimekwenda Temeke kumwulizia. Nyumba yake sasa ni fremu za maduka, na palipokuwa na mchicha pana ukuta. Hakuna anayemkumbuka.

Jana mjukuu wangu ameamka na homa. Nimempeleka zahanati, amepimwa, amepewa dawa. Ile ni pesa ya tikiti, na hakuna ajuaye hilo kuliko mimi. Lakini tangu asubuhi natafuta uzi mweusi.