Bomba Lisiloombewa

Tránsito Pilamunga, mtunza joho la sanamu ya Bikira Maria pale kijijini, hakutia hata punje ya mahindi mdomoni asubuhi ile. Siku hiyo angetoa ushahidi.

Mambo yenyewe haya. Mlima ulitapika majivu, yakajaa mtoni, yakaziba bomba la maji la mtambo wa umeme wa ushirika wa kijiji. Kampuni ya mjini iliyokuwa ikinunua ule umeme ikaja juu: mkataba mmevunja, tupeni mtambo wenu. Ushirika ukasema, nani angejua? Basi wakaja watu wa serikali wanaoamua kesi za umeme, wakaketi darasani. Majivu yalitazamiwa, au hayakutazamiwa? Ugomvi wote ulikuwa huo: kama yalitazamiwa, mtambo unakwenda.

"Watakuuliza habari za maandamano ya Bikira mlimani," Segundo, shemeji yake na mwenyekiti wa ushirika, alimnong'oneza mlangoni. "Sema tunaomba mvua."

"Nidanganye, shemeji? Na joho nalishika mimi?"

"Shika joho, shika na ulimi. Mtambo ukienda, mimi na wewe hatujuani."

Mwanamume mzima, anajificha nyuma ya sketi ya mjane!

Wakili wa kampuni, kijana mwenye meno ya kujionyesha, akaanza kwa upole wa paka. "Bibi, kila mwaka mnampandisha Bikira mlimani. Mnamwomba nini?"

Segundo kamtolea macho.

"Asituletee majivu," akasema.

"Kumbe mlijua!"

Tránsito akauona mtambo unapakiwa lorini, na taa za kijiji kizima zinazimika kwa mdomo wake.

Mkuu wa waamuzi, mama mnene mwenye kikohozi, akainua mkono. "Ngoja, wakili. Bibi, yasiharibu nini hayo majivu?"

"Mahindi. Na ng'ombe. Upepo huyapeleka mashambani, mama. Mtoni hayajafika tangu nizaliwe. Bomba hatukuwahi kuliombea."

Walipomaliza kushauriana, wakaamua: majivu ya mashambani yalitazamiwa, ya mtoni hapana. Mtambo ubaki, hasara wagawane, mkataba uandikwe upya.

"Lakini sasa mmejua," yule mama akasema. "Yakija tena, ni juu yenu."

Segundo akaja kumkumbatia. Tránsito akamsukuma huko. Mpaka leo hamsalimii, na anafanya vizuri.

Mwaka uliofuata, wakipanda na Bikira, upepo ukageuka, ukavuma kuelekea mtoni. Tránsito akafumba macho, akaomba haraka haraka. Bomba. Mahindi. Ng'ombe.

Wakiwa wanateremka ndipo akakumbuka wajukuu wake: hakuwaombea. Akasimama njiani, hathubutu kugeuka kuutazama mlima.