Kalamu Hakuwa Njiani Kurudi Kwenu

Haijaniingia akilini. Leo asubuhi nimekunja jezi za mazoezi za timu nzima, nikakunja na ya Callum, nikaiweka mahali pake kama kawaida. Ndipo nikakumbuka.

Kwa msiojua: Callum ni yule kijana Mwingereza, winga wetu wa kushoto, aliyefariki kwa ajali ya gari Jumapili. Mimi ni Bakari, mtunza jezi wa klabu yetu ndogo hapa Dubai. Alikuwa rafiki yangu.

Okello, Mganda, mlinzi wetu wa getini, ndiye aliyempa jina. Callum alipojitambulisha siku ya kwanza, Okello akanigeukia: "Eh, Bakari, huyu mzungu anaitwa Kalamu?" Khalas. Akawa Kalamu.

Akikosa goli, sauti ilitoka getini: "Kalamu! Wino umekwisha?" Akifunga, alikimbia hadi upande wa geti akiandika hewani kwa kidole, ili Okello aone.

Akimkwatua beki alimwambia "pole pole". Alidhani ni pole mara mbili. Hatukumsahihisha, tulipenda kusikia.

Na soksi zake alizigeuza kabla ya kunipa. Wengine hunitupia zikiwa zimejikunja, zimejaa nyasi. Aliyewahi kufua soksi za wachezaji ananielewa.

Sasa nimesoma mnayoyaandika huko mitandaoni. Sijawahi kumtukana mtu humu, na leo sitatukana. Lakini dharau ninayo, na sitaificha.

Klabu kubwa ya kwao imeweka picha yake, nyeusi na nyeupe: "One of our own." Wenu? Mlimchukua akiwa mtoto, mkamtoa kwa mkopo huku, mkamtoa kwa mkopo kule, timu ya kwanza hamkumpa hata dakika moja. Hata hiyo picha ni ya mazoezini. Ya mechi mngeitoa wapi?

Siku moja tukinywa chai ya karak alinieleza hayo maisha. Nikamwambia watangazaji wetu husema "mkopo", lakini kwetu Kilifi pesa hukopwa, sufuria huazimwa. Akauliza kuna tofauti gani. Nikamwambia cha kuazima hurudi kilekile, cha kukopa hurudi kingine.

Akafikiri, akacheka. "Basi mkopo ni sahihi, bro. Kila waliponitoa, alirudi mtu mwingine."

"Hiyo klabu ni kafeel wako, kama bosi anayeshikilia visa," Okello akadakia. "Hakutumii, hakuachii!" Kalamu alicheka mpaka chai ikamwagika. Tangu siku hiyo aliwaita hivyo, my kafeel.

Na nyinyi wa emoji za moyo uliovunjika, nimewatambua. Alipokosa penalti mlimwita takataka, mkamfuata mpaka mama yake kwenye ukurasa wake. Leo ni "legend". Mmoja wenu ameandika apumzike kwa amani huko Qatar. Qatar! Hata kuomboleza mnaomboleza kivivu.

Lakini ninayemdharau kuliko wote ni wewe, wakala. Jina lako sitalitaja, hapa ni mahali pa Kalamu.

Msimu mzima hukumpigia simu. Alikutumia ujumbe, ukamjibu kwa dole gumba. Juzi ukatua na suti, baba yake hajamaliza hata karatasi za hospitali, ukamwambia, Okello akisikia, kwamba Callum alikuwa anarudi Uingereza. Ofa iko mezani, mwezi ujao tu.

Mzee akajishika kichwa. "Alikuwa amekaribia hivyo?"

"So close, sir," ukasema, na sauti ukaishusha.

Ofa hiyo haikuwepo. Ulikuwa unajipamba, uonekane ulimhangaikia hadi mwisho. Hukujali kwamba mzee wa watu angerudi nyumbani akiamini mwanawe alifia mlangoni pa ndoto yake, akae na hilo mpaka naye afe.

Kalamu hakutaka kurudi. Alikuwa ameanza kufundisha watoto mpira kule mtaa wa Mirdif, na mwezi huu alisaini kubaki nasi. Aliniambia, "Bakari, kule nilikuwa nasubiri. Hapa nacheza." Wazazi alitaka kuwaambia ana kwa ana, wakija kumtembelea.

Jana baba yake alikuja uwanjani kuchukua vitu vyake. Meneja alikuwa ameshatuonya tusiongee na wafiwa, tumwachie wakala. Na visa yangu ni ya klabu: wakinifukuza, narudi kwetu.

Okello akanivuta shati. "Bakari, huyu mzee ataondoka na uongo. Sema, ndugu yangu. Jina lako analijua."

Mzee akasimama mbele yangu. "Wewe ndiye Bakari? Kila tukiongea kwa simu alikutaja. Niambie, ni kweli alikuwa anarudi?"

Wakala akanikazia macho.

"Hapana, sir," nikasema. "Alisaini kubaki hapa. Alisema kule alikuwa anasubiri, na hapa anacheza. Alitaka mlisikie kutoka kwake."

"What he means, sir..." wakala akaanza. Mzee akamwinulia mkono bila kumtazama.

Akakaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo. Nikadhani nimemuumiza mara ya pili. Kisha mabega yake yakashuka, akavuta pumzi ndefu.

"Hakuwa anasubiri kitu," akasema. "Mwanangu hakuwa anasubiri kitu." Akanishika mkono, akaushikilia.

Wakala alitoka nje kupiga simu. Apige.

Meneja ameniita ofisini kesho asubuhi. Nitakwenda.

Kalamu, ndugu yangu, leo unapanda ndege na baba yako, na anajua ulivyokuwa. Lala unono.