Balozi wa Ngazi za Berea

Mwezi uliopita nilikuwa Fordsburg, hapa Johannesburg, katika duka la viungo ambalo muuzaji wake hunikemea kila nikigusa magunia. Alipochota kisibiti kumpimia mteja aliyekuwa mbele yangu, harufu ilinipanda kichwani, na pua yangu, ambayo haijasoma chuo chochote, ikafika Berea, mtaa wa utoto wangu, kabla yangu. Nilisimama pale nikiwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na kapu la vitunguu, macho yamenilegea. Muuzaji akaniuliza kama najisikia vibaya.

Mnisamehe. Sisi tunaoishi kwa kuandika tukinusa kitu hatununui, tunaanza kukumbuka. Lakini harufu ile ilikuwa ya jikoni kwa Gogo Vlasta, na sijawahi kuieleza habari yake vizuri kwa mtu yeyote.

Tulitoka Tanga tukaja Johannesburg nchi hii ilipokuwa ndiyo kwanza imefungua milango yake, nami nikiwa katika umri wa kung'oka meno ya mbele. Baba alipata kazi ya kushona Fordsburg. Tukapanga chumba Berea, katika ghorofa la zamani ambalo lifti yake ilikufa kabla hatujafika, na ngazi zake zilikuwa nyeusi kwa uchafu wa miaka. Chini kabisa, mkabala na mlango mkubwa wa kuingilia, aliishi mzungu mzee aliyebaki wakati wenzake wote walipohama. Watoto wa jengo tulimwita Gogo, kama bibi yeyote wa mji huu anavyoitwa. Mama alicheka alipolisikia jina hilo, maana kwetu gogo ni mti ulioanguka. "Huyu hajaanguka," alisema. "Huyu anaangusha."

Gogo Vlasta alikuwa Mcheki. Alitoroka kwao akiwa bado mwanamke kijana, vifaru vya Warusi vilipoingia mjini. Kwenye roshani yake alipanga mitungi ya kabichi iliyokuwa ikichachuka taratibu pamoja na chumvi na kisibiti, na alinipa kijiko nionje. Mara ya kwanza nilikula kwa adabu. Mara ya pili nilikwenda mwenyewe kubisha hodi.

Mwaka ule alifikiwa na mdogo wake, Jarmila, ambaye hakutoroka. Yeye alibaki, akafanya kazi kiwanda cha viatu, akalea watoto wawili. Alikuja na sanduku la uyoga mkavu na hakujua neno la Kiingereza. Siku mbili za kwanza walilia na kukumbatiana. Siku ya tatu walianza kugombana, na hawakuacha tena. Walikuwa wakigombana wakimenya viazi, wakifua, hata wakinywa chai. Nilikuwa nimesikia kwamba nchi yao imegawanyika vipande viwili, na kwa muda mrefu niliamini ni kwa sababu ya ugomvi wa hawa wawili.

"Gogo, mnagombania nini?" nilimuuliza siku moja.

"Maisha yangu," alijibu. "Anasema nayakumbuka vibaya."

Sasa niwaeleze hatari iliyotukabili, maana bila hiyo habari hii ingekuwa ya kabichi tu. Mwenye jengo alikuwa ametokomea. Na katika mtaa wetu, jengo likikosa mwenyewe, lilikuwa na watu wake wa kulichukua. Walikuja vijana wawili watatu wenye makoti ya ngozi, wapole sana, wakakaa mlangoni wakiuliza maswali. Nani anaishi peke yake? Nani hana makaratasi? Nani hasalimiani na jirani yake? Wakishajua, walirudi wengi, wakaanza na wale wanyonge, chumba kwa chumba, hadi siku moja unakuta godoro lako liko barabarani na kufuli geni mlangoni. Jengo la pili kutoka kwetu lilikwenda hivyo. Niliona kitanda cha mtoto kimesimama kando ya robot, taa ya barabarani, ikibadilika nyekundu na kijani juu yake.

Mama alikataa. Hakuwa na silaha wala ujuzi wa sheria, lakini alikuwa binti wa balozi wa nyumba kumi. Wale wa kwetu wanajua uzito wa jambo hilo. Babu yangu, kule Ngamiani mjini Tanga, alijua nani kazaa, nani kaumwa, nani kafikiwa na mgeni na mgeni huyo ametoka wapi. Ukitaka sukari ya mgao, unapita kwake. Ukipigana na mkeo, anafika kabla ya majirani kumaliza kuchungulia. Kwa Mama, mahali pasipo na balozi palikuwa porini, hata pakiwa na lami.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kubisha hodi mlango kwa mlango nami nikiwa nyuma yake. Alijitambulisha kuwa ndiye balozi. Nani alimchagua? Hakuna aliyethubutu kuuliza. Kisha akauliza: mko wangapi humu, mgeni wenu ametoka wapi, mna vibali?

Ghorofa ya tatu aliishi Papa Kasongo, kinyozi kutoka Lubumbashi, mtu wa vichekesho. Siku hiyo hakucheka.

"Maman Rukia, miye nakupenda sana. Lakini ile mambo ya kuuliza makaratasi, hapana. Bile bijana bya pale chini binauliza vilevile."

"Mimi si kijana wa pale chini!"

"Najua, Maman. Lakini swali ni lile lile."

Mama alishuka akiwa amevimba kwa hasira, akagonga kwa Gogo Vlasta na kumweleza mpango wake kwa Kiingereza chake cha sokoni. Niliuona uso wa yule mzee ukibadilika rangi. Alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Katika nyumba yangu, hapana. Kamwe," akafunga mlango. Ufunguo ulizunguka mara mbili. Kufikia jioni, milango yote iliyokuwa imefunguliwa ilikuwa imefungwa pia.

Mama hakulala vizuri, lakini asubuhi aliamka na akili mpya. Alipika vitumbua, akavifunika kwa kitambaa, akarudi kwa Gogo. Mlango ulipofunguka kidogo aliingiza sahani kwanza. Mtu mwenye sahani yako mkononi hawezi kukufungia mlango, na Mama alilijua hilo.

Basi tukakaa jikoni, kwenye harufu ya kabichi. Gogo Vlasta akaeleza. Zamani, kabla ya kutoroka, yeye, mumewe na Jarmila waliishi jengo moja. Jengo hilo nalo lilikuwa na balozi wake, mama mmoja aliyemwagilia maua kwenye ngazi kila asubuhi. Alikuwa na tabasamu kwa kila mtu, na alijua kila mgeni. Mume wa Gogo alikuwa mwalimu, na usiku alisikiliza redio ya nje kwa sauti ya chini. Mama wa maua alisikia, akapeleka habari kwa wakubwa wa chama. Yule mwalimu akafukuzwa shule, akapelekwa kuchochea makaa chini ya hospitali, hadi mapafu yake yakakataa.

"Ndiyo maana," Gogo alimwambia Mama, "ukija kuniuliza nani analala kwangu, mimi nasikia maji yakimwagika kwenye maua."

Jarmila alikuwa ametega sikio. Akamvuta dada yake mkono atafsiriwe, na alipotafsiriwa akaanza kusema. Alisema muda mrefu, akinyoosha vidole, akilengwa na machozi, akipiga meza mpaka vitumbua vikaruka. Alipomaliza, Gogo Vlasta alitugeukia kwa uso mkavu.

"Anasema ngazi zilikuwa safi."

Hata mimi mtoto nilijua hiyo haitoshi. Jarmila naye alijua, maana alimpiga dada yake begani na kusema neno ambalo sikuhitaji mkalimani. Gogo akaanza upya. Nimewahi kuona wakalimani wengi mikutanoni, wenye vipaza sauti na bilauri za maji, lakini sijaona kazi ngumu kama aliyoifanya mzee yule: kumsemea mtu aliyekuwa akimpinga yeye mwenyewe.

"Anasema, na mimi sikubali, lakini anasema... alipokuwa zamu ya usiku kiwandani, watoto wake walilala kwa mama wa maua. Miaka mingi. Mtoto mdogo alipopata homa kali, ni yule mama aliyembeba hadi hospitali, kwenye theluji. Anasema hakuna aliyelala njaa, hakuna aliyefukuzwa nyumba. Jumamosi walitoka wote, daktari na mfagiaji, wakasugua ngazi pamoja. Anasema sasa huko kwao ngazi ni chafu na kila mtu ana mlango wa chuma." Akamtazama dada yake. "Na anasema mimi nililiacha jengo, kwa hiyo sina haki ya kumwambia lilivyokuwa."

"Na wewe unamjibu nini?" Mama aliuliza.

"Kwamba ngazi zilikuwa safi kwa sababu tuliogopa."

Jarmila aliuliza amesemaje. Akatafsiriwa. Akatikisa kichwa, akajibu kwa neno moja.

"Anasema, 'Baadhi yetu.'"

Nilitegemea Mama awaamue, kama Babu alivyoamua ugomvi wa watu. Hakuamua. Alitazama mikono yake kwa muda, na nilipoona hivyo niliogopa kidogo, kwa sababu Mama hakuwa mtu wa kutazama mikono. Kisha akamuuliza Gogo angekubali balozi wa namna gani.

Gogo Vlasta alifikiri. Akasema: awepo, ila katika jengo hili mtu asisemwe akiwa hayupo. Si kwa ubaya wala kwa wema. Anayeuliza habari za jirani, aitiwe jirani mwenyewe. Na balozi asibishe hodi kwa watu. Akae mlango wake ukiwa wazi, watu waone wao kwanza anapika nini na nani analala kwake.

"Nakubali," Mama alisema, haraka mno kiasi kwamba hata Gogo alishangaa.

Jarmila naye akatoa sharti lake. Halikuhitaji tafsiri ndefu: Jumamosi, ndoo.

Hivyo ndivyo tulivyosugua ngazi zile. Papa Kasongo alikuja wa kwanza, kwa sababu Mama alipokutana naye ngazini hakumuuliza swali lolote, akamwambia tu mlango wetu uko wazi na ndoo ziko chini. Uchafu uliondoka ukituachia rangi ambayo hakuna aliyeijua, nyeupe yenye chembe nyekundu kama nyama ya pera. Jarmila aliongoza kwa mluzi, akikagua pembe na kuturudisha nyuma. Tulimlalamikia kwa lugha nyingi, naye, kwa bahati yake, hakuelewa hata moja.

Siku hiyo hiyo wale vijana wa makoti ya ngozi wakaja, safari hii wakiwa wengi. Kiongozi wao alimkuta Mama ngazi ya chini na brashi mkononi. Akamuuliza kwa upole ule ule, "Mama, yule mzee wa hapa chini, ni kweli anaishi peke yake?"

Mama akainuka. "Yuko hapa. Muulize mwenyewe."

"Na wale wa ghorofa ya tatu?"

"Wako hapa. Waulize."

Tulikuwa tumejaa kuanzia chini hadi juu, tumelowa, kila mmoja na ndoo au fagio lake, na maneno ya Mama yalipanda ngazi kwa ngazi hadi paa. Gogo Vlasta alishuka, akasimama ubavuni kwa Mama, akasema, "Niulize." Papa Kasongo alikuwa amekamata kiwembe chake cha kinyozi, alidai baadaye kwamba alikuwa akikwangulia gundi.

Ndipo Jarmila akajipenyeza mbele. Hakujua wale ni akina nani. Alichokiona ni kijana aliyekanyaga ngazi mbichi kwa viatu vyenye tope. Kwao, kama kwetu, mtu havuki kizingiti na viatu. Akamshukia yule kijana kwa Kicheki, akimwonyesha miguu yake, akimsukuma kwa fagio nyuma, na nyuma tena, mpaka barazani. Kisha akamwekea ndoo mbele yake.

"Eish," yule kijana alisema, akiitazama ndoo. Hakuinama kuichukua. Lakini hakurudi ndani. Walisimama kidogo, wakaangalia madirisha yetu, wakaondoka. Walirudi mara kadhaa baadaye, wakakuta jibu ni lile lile, wakaenda kutafuta jengo lenye watu wepesi zaidi wa kusema habari za wenzao. Walilipata, siwafichi.

Jarmila alirejea kwao kabla ya masika. Hawakupatana. Uwanja wa ndege waliagana wakibishana, wameshikana mikono.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye mkutano wa wasomi huko kwao. Tulipokaa kula, wenyeji wangu walianza: mmoja akasema enzi ile ya chama iliwafundisha watu kunong'ona hadi leo, mwingine akasema iliwafundisha kutomwacha mtu nyuma, na kwamba wajukuu wamelisahau hilo. Supu ilipoa. Wakanigeukia mimi, mgeni kutoka mbali, nitoe hukumu. Nilikuwa nimesafiri na makala yenye kurasa nyingi juu ya kumbukumbu za jamii, nikaiacha mkobani. Nilitaka kuwauliza ni nani aliyemwagilia maua kwenye ngazi zao, lakini mdomo ulikuwa umejaa mkate.

Niliporudi nilikwenda kwa Mama. Sasa ana spaza, kiduka chake cha mtaani, Soweto na hataki kusikia habari ya kupumzika. Nilimuuliza kwa nini siku ile alikubali sharti la Gogo haraka vile, yeye aliyekuwa akimsifu Babu kila alfajiri.

Alikuwa akipanga mikate. Hakugeuka.

"Wakati wa msako wa walanguzi," alisema, "Babu yako alimtaja Mzee Shekue, jirani yetu. Alikuwa ameficha mifuko ya sukari. Wakaja wakamchukua. Alirudi amekonda, hakukaa sana duniani. Mkewe aliendelea kumwamkia Babu yako kila siku kwa heshima zote. Ila hakuja tena kuchota maji bombani kwetu. Alikwenda mbali, na ndoo kichwani, akipita mbele ya mlango wetu."

"Sasa Babu alikuwa mtu mwema au mbaya?" niliuliza, na nililisikia swali langu lilivyokuwa la kitoto, mimi na shahada zangu zote.

"Alizika maskini wa mtaa mzima kwa mikono yake," Mama alisema. "Na yule mama alikuwa akipita na ndoo. Wewe si ndiye mwandishi? Andika yote mawili, na usije ukaniuliza lipi lianze."