Gambuti Zangu Mbele ya Baba Mkwe

Niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba mtu mwenye fangasi sugu za miguuni ana damu iliyojaa dawa, na kwamba wataalamu wakiipata wanaichuja, wanaitia kwenye chupa, na mgonjwa aliyelazwa kwa kuvu ya ubongo akichomwa tu anafumbua macho na kuomba ugali. Msinicheke bado, sehemu ya kucheka iko mbele. Naisimulia mwenyewe aibu hii kwa sababu kijiji kizima cha Hasamba kinaijua na kila anayeisimulia anaitia chumvi, wakati kazi ya kutia chumvi mambo yangu ni yangu peke yangu.

Aliyenipa habari hiyo ni Bashi Mulenga, mfanyabiashara wa kutoka upande wa Zambia anayepanga gambuti za mtumba pembeni ya barabara pale Tunduma. Nilikuwa nimetumwa kununua magunia matupu ya ghala la mahindi ninalolisimamia Mlowo (kusimamia maana yake ni kubeba mizigo huku ukiwaelekeza wenzako namna ya kubeba), tukaanza kupiga soga, nikamtajia wale wataalamu wanaotafuta dawa mpya ya kuvu, kwamba wanakuja Hasamba kuongea na watu.

“Mukwai,” akaniambia kwa heshima ya kwao, akiwa na sura ya mtu aliyekwisha kuona mengi, “mwili ukiishi na fangasi miaka mingi, damu inakuwa jeshi. Hao wanakuja kutafuta jeshi.”

Mtu mwingine angecheka akaondoka. Lakini mimi nimesoma, jamani! Nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, umeme ukikatika tunaendelea kwa tochi za simu, na baiolojia nilipata C ambayo mpaka leo naamini msahihishaji alinionea. Kingamwili nilikuwa nazijua, ni vile vitu vinavyotengenezwa na mwili ili vimkamate adui akiingia. Nikaunganisha hapo hapo barabarani: fangasi ni kuvu, kuvu ni kuvu, na mimi miguuni mwangu nina kuvu tangu enzi za shule ya msingi. Kumbe natembea na duka la dawa!

Na nilikuwa na sababu ya kuamini haraka. Nilikuwa nimepeleka posa Hasamba kwa Mzee Haonga, baba yake Neema wangu, na mshenga alirudishwa na maneno kwamba majibu yatatoka mzee akitulia. Mzee alikuwa ametoka hospitali baada ya kulazwa muda mrefu kwa kuvu hiyo hiyo, ile inayovutwa kwa pumzi, halafu kinga ya mwili ikishuka inapanda mpaka kwenye ubongo. Alipona, tunamshukuru Mungu, ila alirudi amekonda, hatoki uani, hataki wageni. Neema akanieleza kwa siri kwamba wataalamu wamemwomba damu, kwa kuwa aliugua akapona, naye amekataa kabisa.

“Baba haogopi sindano, Yona,” akasema. “Anaogopa watu. Akionekana anaingia chumba cha kutoa damu, kijiji kitaanza kumzushia magonjwa. Na akiwa kwenye hali hiyo, habari ya posa yako hataki hata kuisikia. Sasa usije ukamwambia mtu.”

Nikaapa kwamba sitamwambia mtu. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, mdogo kabisa, kwamba nitajitolea damu mimi badala ya mzee, yeye apumzike, dawa ipatikane, na posa ijibiwe kwa vigelegele. Tatizo likawa moja, fangasi zangu wakati huo zilikuwa zimepoa, zimebaki kwenye vidole viwili tu vya mguu wa kushoto. Nikaona jeshi hili ni dogo, linahitaji mafunzo. Nikarudi kwa Bashi Mulenga, akanichagulia gambuti zilizotoboka kisigino (“ili maji yaingie vizuri, mukwai”), nikawa nazivaa bila soksi, asubuhi namimina maji ndani, nashinda nazo ghalani, jioni nalala nazo.

Mwishoni mwa juma la kwanza msaidizi wangu Nzunda akasimama katikati ya ghala akinusa. “Kaka Yona, kuna panya amefia kwenye magunia.” Tukashusha mahindi yote, tukapekua gunia kwa gunia, tukapanga upya, na aliyeshika tochi kwa bidii kuliko wote akimtafuta huyo panya nilikuwa mimi.

Siku ya mkutano nikapanda bodaboda mpaka Hasamba. Dereva aliniomba nikae nyuma kabisa, kule kwenye keria, akasema ni kwa ajili ya uzito. Mkutano ulikuwa ndani ya kanisa, umejaa, na benchi la mbele alikaa Mzee Haonga na koti lake zito, pembeni yake mama mkwe, wamekuja kwa sababu tu mwenyekiti wa kijiji aliwabembeleza. Nikatafuta nafasi ya mbali, kwa sababu kwetu huku mkwe ni mtu wa kuogopwa hata kama posa haijajibiwa. Mkikutana njiani unampisha, sahani moja hamli, na kumnyooshea miguu mitupu ni afadhali umtukane. Hayo yote niliyajua. Nililelewa nayo.

Daktari aliyekuja na wataalamu, mama mmoja mpole anaitwa Dokta Rehema, akaeleza vizuri sana (naambiwa alieleza vizuri, mimi nilikuwa najipangia hotuba yangu). Akamaliza, akauliza, “Kuna mwenye swali?”

Mimi sikuwa na swali. Mimi nilikuwa na jibu.

Nikapita katikati ya mabenchi nikisikika chwaa, chwaa, nikasimama mbele ya umati, nikawapa baiolojia yote ya masomo ya jioni, nikafika kwenye jeshi, na ili jeshi lionekane nikakaa kwenye kiti cha mwinjilisti na kuanza kuvua gambuti. Ya kulia ilitoka. Ya kushoto ikagoma. Nikavuta, ikagoma, mguu ulikuwa umevimba na kuganda humo ndani kama muhogo kwenye udongo wa kiangazi. Wakaja vijana wawili wa kwaya, mmoja akanishika kwapani, mwingine akaikamata gambuti, wakahesabu pamoja, wakavuta, ikatoka na mlio ambao sitauelezea kwa kuwa ni kanisani, ikaruka, ikamwaga maji yake hewani, ikatua miguuni pa Mzee Haonga.

Kisha harufu ikafika. Kina mama wa kwaya walitoka kwa mlango, kwa dirisha, na wawili sijui walitokea wapi. Mbuzi aliyefungwa nje alikata kamba (Nzunda anasema hapakuwa na mbuzi, lakini Nzunda hakuwepo). Mama mkwe akajifunika uso kwa kitenge. Na mimi nimekaa pale, miguu mitupu, myeupe, imekunjamana, imemwelekea mkwe wangu kama mizinga miwili, na badala ya kunyamaza nikasema kwa sauti ya kuhubiri:

“Mzee wangu, wewe pumzika! Damu waliyokuomba nitaitoa mimi!”

Vichwa vyote vikageuka kumwangalia mzee. Ndipo nikaelewa nilichokifanya: ile siri niliyoapa kuitunza nimeitangaza mbele ya Hasamba yote, tena peku. Nikamtafuta Neema kwa macho, nikamwona karibu na mlango ameshika kichwa. Niseme ukweli, hapo sikuwa na utani wowote. Nilijua nimemkosa.

Mzee Haonga akainuka polepole. Akaiinua gambuti kwa ncha ya fimbo yake, akaitazama, akaisogeza mbali na pua.

“Mimi nimelala wodini kifo kimekaa kitandani pangu,” akasema, “lakini hata chenyewe hakikunuka hivi.”

Jamani, kile kicheko! Mwenyekiti aliegemea ukuta. Mama mkwe alitetemeka ndani ya kitenge nikadhani analia, kumbe. Na mzee mwenyewe alicheka mpaka akakohoa, akajifuta machozi, akawageukia watu. “Haya, mmeshasikia wote. Niliumwa, nikapona, nimeombwa damu. Kuna mwenye la kuongeza?” Na nani angemwangalia mzee wakati miguu yangu ipo? Akatembea mwenyewe mpaka chumba cha pembeni kilichotengwa kwa kutolea damu, mlango wazi, akakunja mkono wa shati.

Alipotoka na pamba mkononi hakunisemesha, mila haimruhusu kuniambia mwenyewe. Akamwita mshenga wangu kutoka kwenye mabenchi na kumwambia, kwa sauti ya kunifikia, “Mwambie mwenye miguu yake kwamba jibu ni ndiyo. Mtu anayejiozesha kwa ajili yangu hatamtupa binti yangu. Lakini siku ya kuja aje na viatu, na asivivue.”

Tangu siku hiyo nimeweka nadhiri ya kutokujitolea kwa jambo lolote kabla sijauliza swali. Ila jioni ile nilikuwa bado mbishi. Niliposikia ndiyo nikaona kumbe jeshi limefanya kazi, nikakunja mkono nikamfuata Dokta Rehema nimpe damu yangu. Akaniangalia usoni, akaniangalia miguu, akanipa kimrija cha dawa ya kupaka.

“Kaka Yona,” akasema, “fangasi zako ziko kwenye ngozi ya vidole. Kuvu tunayoifuatilia ni nyingine kabisa, inaingia kwenye mapafu na ubongo, na kingamwili zinazoijua tunazitafuta kwa mtu aliyeugua hiyo akapona. Hata damu ya mzee hatumchomi mgonjwa. Tunakwenda kujifunza kingamwili zake zinavyoishika kuvu, halafu tujaribu kutengeneza za kufanana nazo maabara, na hiyo ni kazi ya miaka, inaweza hata isifaulu. Damu yako haitatusaidia. Osha miguu, ikaushe vizuri, upake hii asubuhi na jioni.”