Mjomba Hapewi Mpira

Juzi, kwenye treni ya kwenda Kista, nilimwona kijana amebeba kinga za mabega za futiboli ya Kimarekani, zikinuka jasho. Nikamkumbuka mjomba Barasa, kocha wa mchezo huo mtaani kwetu Husby, hapa Uswidi, tuliyemzika mwezi uliopita.

Alikuwa amecheza chuoni Marekani, nami niliwaapia wanafunzi wenzangu kwamba alikuwa nyota. Alasiri moja wakaja nyumbani watazame mkanda wa mechi yake. Sebule ilinuka dawa ya misuli. Kila mara mjomba aliinama, akagongana na mtu kwa kishindo, akaanguka, akainuka. Mpira haukumjia hata mara moja.

"Jamani, mpeni mpira!" nikaifokea televisheni.

"Kumbe chuoni alisomea kuanguka?" mwenzangu mmoja akauliza kwa Kiswidi. Wote wakacheka.

"Mjomba, unaniaibisha!"

"Kazi yangu si mpira, mama. Unamwona yule mwembamba anayerusha? Tazama jezi yake."

"Ina nini?"

"Ni safi."

Nilidhani ni kisingizio. Nikazima televisheni kwa hasira.

Sasa najua ni nani aliyewazuia wapinzani wasimguse yule mwembamba. Lakini nilizima mechi haijaisha, na mpaka tunamzika sikuwahi kumuuliza kama walishinda.