Chai ya Getini

Mimi kiwanda nakisoma getini. Shule nilikwenda miaka mitatu tu, magazeti yananishinda, lakini nipeleke kwenye geti la kiwanda chochote, nikae hapo nusu saa, nitakwambia ndani kuna uzima au kuna ugonjwa.

Nilijifunzia kwetu, mji mdogo kando ya reli, palipokuwa na kiwanda cha nguo. Mume wangu alikuwa ndani kwenye mashine za kufuma, mimi nje na beseni langu la maandazi. Pale getini tulikuwa mji mzima jamani! Fundi baiskeli, mshona viatu, mama wa uji, kinyozi na kioo chake kilichopasuka. King'ora kikilia watu wanamwagika, mikono miwili haikutoshi. Halafu siku moja naona wanaume wawili wanagawana andazi moja. Nikamuuliza mume wangu, "Humo ndani kuna nini?" Akasema, "Hakuna kitu, pamba imechelewa." Wiki ile ile fundi baiskeli akahama. Akafuata kinyozi. Sisi wa getini tulijua kabla ya wenye kiwanda kusema. Siku wanafunga, mimi nilikuwa nimeshaacha kununua unga.

Sasa njoo huku Toronto. Binti yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ndiyo, mwanamke, na kofia yake ile ya kufunika uso mzima. Kiwandani kwao wanatengeneza mabehewa ya treni za mjini. Tunakaa Pickering, mji wa pembeni tu, mimi, yeye na binti zake wawili, ambao Kiswahili wanakielewa vizuri sana ila wananijibu Kizungu. Baba yao alishakwenda zake. Kila Jumatano nilikuwa nampelekea binti yangu chakula cha moto kazini, mabasi mawili, kwa sababu mkate baridi wenye majani katikati mimi siwezi kuuita chakula.

Na pale getini nikakuta nini? Gari la chakula, na ndani yake Mhindi aliyezaliwa Tabora! Alinichungulia kwenye kidirisha chake, akaona kanga imetokeza chini ya kofia ya baridi, akasema, "Shikamoo mama. Nikupe chai ya tangawizi, au na wewe unaogopa sukari?" Nilicheka mpaka nikalishika gari nisianguke. Foleni yake ilikuwa inafika barabarani: wapaka rangi, watu wa umeme, madereva wa malori ya vyuma. "Mama," ananiambia, "hawa Wazungu nimewafundisha sambusa na pilipili. Wanalia, kesho wanarudi."

Halafu foleni ikapungua. Kwanza nikasema ni baridi. Theluji ikayeyuka, foleni haikurudi. Naona mtu anapita mbele ya gari na chupa yake ya chai kutoka nyumbani, macho chini. Haya nilishayaona.

Yule Mhindi akaniambia, "Wiki ijayo gari nalipeleka Markham, kwenye maofisi. Huku watu wanajibana."

"Usiende, baba."

"Nibaki nimuuzie nani, mama? Hawa njiwa?"

Jumatano iliyofuata palikuwa patupu. Alama ya mafuta tu kwenye lami, pale gari lilipokuwa linasimama.

Jioni nikamkalisha binti yangu jikoni. "Usinifiche. Kiwanda kinakufa."

Akaniangalia kama anayemwona mchawi. "Nani kakwambia?"

"Chai imeondoka."

Ndipo akatoa barua kwenye mkoba. Mabehewa yaliyopo yanaisha mwezi wa sita. Serikali kuu kule Ottawa isipotoa pesa za treni mpya, idara ya kuchomelea inafungwa. Yeye alishapata kazi Alberta, mbali huko magharibi, safari ya ndege, kwenye mabomba ya mafuta. Wiki tatu huko, wiki moja nyumbani.

"Na watoto?"

"Wana bibi yao."

"Bibi yao haendeshi gari. Barua za shule hasomi. Huyu mdogo akibanwa na pumu nimwambie daktari nini, habari za asubuhi?"

Hakucheka. Alikuwa ameshanunua na sanduku, jekundu, la magurudumu, likakaa kwenye korido kama mgeni ambaye hajaambiwa aketi. Kila nikienda chooni nalipita. Mjukuu mdogo akaanza kulizunguka kwa mbali, hataki hata kuligusa. Nikalichukia lile sanduku kama mtu.

Mwezi wa tano ikasemwa waziri anatoka Ottawa, anakuja kiwandani, na familia zinakaribishwa. Kama atatoa pesa, kama hatatoa, hakuna aliyejua.

"Mama, utakuja," binti yangu akasema, "lakini utakaa kimya. Nakujua."

Ananijua kweli. Kwetu waziri akija kiwandani, wanawake wa getini tulikuwa na kazi yetu: kumbana. Akisema "tutaangalia", sisi vigelegele! Akisema "tunatafakari", vigelegele! Mpaka anaona haya, inabidi aahidi. Hiyo ndiyo siasa tuliyokuwa nayo.

Basi tukaingia. Jumba la chuma, refu, na katikati behewa moja ambalo halijapakwa rangi. Waziri mbele yake, kofia ya plastiki kichwani na viatu vipya. Wafanyakazi wamesimama mikono mfukoni, kama wako msibani. Binti yangu ananitafsiria sikioni.

"Anasema amefurahi kufika. Anasema nyinyi ni mafundi hodari. Anasema serikali inatambua umuhimu wa..."

"Amesema inatambua?"

"Ndiyo, lakini..."

Nikaachia. Vigelegele vya harusi, vile vya kumtoa bibi harusi ndani! Sauti ikapanda darini, ikagonga mabati, ikarudi. Watu wa nyuma wakadhani limeshatangazwa, wakaanza kupiga makofi. Mmoja akarusha kofia juu.

"Mama! Bado hajasema kitu!"

Waziri akainua mikono, akasema neno, watu wakacheka kidogo. "Anakushukuru," binti yangu akasema huku meno yamebana, "lakini hajafika huko." Mbele yangu wazee wawili walikuwa wameshakumbatiana. Wakaachana taratibu, kila mmoja akatazama upande wake. Hilo ndilo lililoniuma. Uso ulinichoma kama nimeinama juu ya karai la mafuta.

Waziri akarudi kwenye karatasi yake. Binti yangu akawa anatoa neno moja moja. Madaraja. Barabara ya bandarini. Mabomba ya maji. Kiwanda cha betri, siyo hapa.

"Na treni?"

"Subiri, mama." Kisha, "Anasema treni mpya zitanunuliwa."

Nikajifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Maana kununuliwa ni kitu kingine! Kwetu pia nguo ziliendelea kununuliwa, watu hawakutembea uchi. Zilitoka nje tu, kwenye marobota, na sisi getini tukafa. Nikamuuliza, "Zinatengenezwa wapi?"

Waziri anaendelea kusoma, na mtafsiri wangu kimya. Akanishika kifundo cha mkono, akabana. Nikaanza kusoma nyuso. Mzee mmoja wa kuchomelea, anayekaribia kustaafu, akakaa juu ya kreti na kujifunika uso kwa kofia. Mwanamke pembeni yake machozi yanamtoka. Sasa kulia ni kulia, utajuaje ni kwa lipi? Na hakuna aliyepiga makofi. Nilikuwa nimewaharibia. Kila mtu alikuwa anaogopa kuwa wa kwanza.

"Mwanangu, anasema nini?"

"Hapa," akasema. Sauti ilikuwa ya kitoto. "Mama, zinajengwa hapa. Kazi ya miaka."

"Amesema tu, au wameandikiana?"

"Wamesaini."

"Sasa nipige?"

"Piga, mama."

Nikafungua mdomo. Koo kavu! Ikatoka kama mlango wa kabati unaohitaji mafuta. Watu wakageuka, wakaniona, wakacheka jumba zima, na ndani ya kicheko hicho ndipo makofi yakaanza. Wale wazee wawili wakakumbatiana tena. Safari hii hawakuachana.

Nyumbani binti yangu akataka kuliondoa lile sanduku. Nikamwambia aliache.

"Mama, kazi ipo. Alberta nimeshawaambia siji."

"Waziri mimi simsomi. Mimi nasoma geti."

Akatingisha kichwa, lakini hakuligusa. Jumatano nikaenda, patupu. Jumatano nyingine, malori matatu ya vyuma yamepanga mstari nje. Nyingine, vijana wa kike na wa kiume wana viatu vya kazi visivyo hata mkwaruzo, wanauliza ofisi ya kuandikisha iko wapi. Na kinyozi, nakwambia, kinyozi amefungua ng'ambo ya barabara! Bado sanduku nikaliacha pale kwenye korido. Hata usingizi wangu ulikuwa wa kusikilizia.

Ya nne, kabla basi halijasimama, nikasikia harufu ya tangawizi.

"Shikamoo mama. Nasikia ulimkatiza waziri."

"Marahaba. Umeyasikia wapi, na wewe ulitukimbia?"

"Wamenifuata mpaka Markham kunisimulia. Mama, shifti ya pili inaanza, sambusa peke yake hazitanitosha. Si uliniambia ulikuwa mtu wa maandazi?"

Nikamwambia nitafikiri, ili asione nimefurahi. Nikampelekea binti yangu chakula chake, nikarudi nyumbani, nikalivuta lile sanduku jekundu mpaka jikoni, nikalifuta vizuri, nikatandika kanga safi ndani. Mjukuu mdogo akaja kuchungulia, nikampa kazi ya kuchekecha unga. Linaingia maandazi mia moja na bado linafungika. Na kwa yale magurudumu, kwenye mabasi mawili, halinichoshi hata kidogo.