Kuni za Mama Wangui

Lori lilituacha maili nne kabla ya kufika Kachibora. Dereva alitazama matope, akatazama magurudumu, akazima injini, kisha akajifunika blanketi akalala. Nimekwama katika nchi kadhaa na nimesikia barabara zikitukanwa kwa lugha nyingi, lakini sikuwa nimewahi kuona mtu akikubali kushindwa kwa utulivu kama ule. Nikachukua begi langu nikashika njia kwa miguu. Ilikuwa Mei, mwaka 1951. Nilikuwa nikielekea milima ya Cherangany, ambako sikumjua mtu hata mmoja.

Kachibora wakati huo ilikuwa maduka matatu, kinu cha posho na hoteli moja ya chai. Lakini nilichokiona kwanza ni kuni. Nyuma ya hoteli palikuwa na nyumba ya udongo iliyozungukwa na kuni pande tatu, zimepangwa kutoka chini hadi kwenye paa na kufunikwa kwa mabati ya zamani, kavu kabisa katikati ya mvua ile. Nikadhani mwenyewe ni mchuuzi, au ni mtu anayengojea vita vingine.

"Hauzi hata kijiti," alisema mwenye hoteli, mwanamume mrefu wa Nyeri aliyeitwa Thuo. "Ni za bibi yangu. Wanaume wengine wanajaziwa nyumba watoto. Mimi nimejaziwa msitu."

"Si ulinikuta nikizibeba, na bado ukanioa?" sauti ya mwanamke ilijibu kutoka jikoni.

Thuo akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Aliniambia mto ulikuwa umefurika huko mbele, kwa hiyo nisubiri siku tatu au nne, na kitanda kipo. Akanimiminia kikombe. Kisha akaketi mbele yangu, mikono juu ya meza, kama mtu aliyekuwa akimngojea msafiri yeyote afike.

"Wewe umetembea," alisema. "Umeona hospitali za mbali. Bibi yangu ana uvimbe tumboni. Daktari wa kupasua anakuja hospitali ya misheni, Lugulu, Alhamisi. Akimkosa huyo, mwingine ni baada ya miezi miwili, na wamemwambia hiyo miezi miwili hana. Lakini pia wamesema ukweli: wengine wakipewa dawa ya usingizi hawaamki. Sasa mwambie angoje mvua ipungue kwanza. Wewe ni mgeni, pengine atakusikia."

"Baba Wangui, mgeni amekuja kunywa chai, si kuamua kesi." Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja ukutani. Alikuwa wa miaka arobaini na kitu, uso mwembamba, tumbo limevimba upande mmoja. Akachungulia kikombe changu. "Na hata hiyo chai hujampa. Umemtilia maziwa na sukari. Majani yako wapi?"

Nilikuwa nimeona, lakini niliona aibu kusema. Thuo alichukua kikombe, akakitazama kwa muda, akaenda kutafuta majani.

"Halali siku hizi," mkewe aliniambia kwa sauti ya chini. "Mgonjwa ni mimi, na anayekonda ni yeye. Njoo jikoni ukauke. Nitakueleza kwa nini sitangoja, halafu ukitaka kumsaidia, msaidie yeye."

Jina lake lilikuwa Wakonyo, ingawa majirani walimwita Mama Wangui, kwa jina la binti yake. Alikaa kwenye kigoda, akasogeza kuni mbili ndani ya moto, na akanisimulia maisha yake huku Thuo akiingia na kutoka.

Alizaliwa huko Nyeri. Wagikuyu wa zamani hawakutaka mtu afie nyumbani. Kifo kilichafua nyumba, na aliyeshika maiti alikuwa najisi. Kwa hiyo mgonjwa ambaye watu walikuwa wamemkatia tamaa alibebwa hadi kichakani angali anapumua, akawashiwa moto, akaachwa. Fisi walimaliza yaliyobaki. Msomaji asiwe na haraka ya kuhukumu. Nimepita katika miji mikubwa ambako watu huachwa vivyo hivyo, ila wenyewe huwaacha juu ya vitanda.

Wakonyo alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu hivi homa kuu ilipopita, ule mwaka vita vya kwanza vilipokwisha. Ilimkamata naye, na siku ya tano hakuweza kusema. Baba yake na ami yake walimlaza juu ya ngozi, mmoja akashika mbele na mwingine nyuma, wakamtoa. "Nilikuwa nikisikia kila kitu," alisema. "Nilitaka kuwaambia bado niko. Mdomo ulikataa." Waliwasha moto, wakaweka kuni karibu na mkono wake, wakaondoka bila kugeuka.

Alitia kijiti kimoja kimoja. Kila moto ulipopanda, alisikia kitu kikirudi nyuma majanini. Moto ulipolegea, kilikaribia tena. Kuni zilimwishia kulipopambazuka, na kwa kuwa hapakuwa na cha kuongeza tena, alitambaa. Alifika kwao jua likiwa juu. Mama yake alikuwa mlangoni.

"Nikamwambia, mama, nina njaa. Akaweka mkono mdomoni. Mgeni, hakuna aliyenipa hata maji mpaka mzee wa kutakasa alipokuja na mbuzi akachinjwa, siku ya pili jioni. Nilikuwa nimerudi, na nyumba nzima ilikuwa inaniogopa."

Wasichana hawakucheza naye tena, na wachumba hawakuja. Aliyekuja ni Thuo, ambaye alikuwa mpagazi katika vita na alikuwa ameona wafu wengi kiasi kwamba mtu mmoja aliyerudi alikuwa kwake habari njema. Mwaka 1927 walihamia Trans-Nzoia, wakawa maskwota katika shamba la Mzungu, wakipewa kipande cha kulima kwa kazi yao.

Hofu ilihama nao. Kwa miaka karibu ishirini Wakonyo hakulala chali. Alisinzia akiwa ameketi, mgongo ukutani, uso ukielekea motoni. Moto uliwaka ndani hata Januari adhuhuri. Kila alipotoka kibaruani alirudi na mzigo wa kuni mgongoni. Na sauti ya kilio ikisikika katika laini, ile safu ya nyumba za wafanyakazi, alichukua panga akaenda msituni, asirudi mpaka mtu azikwe.

"Hata mama ya rafiki yangu sikumzika," alisema. "Mtu akikohoa mara mbili, mimi nilikuwa njiani."

"Mimi nikikohoa nilikuwa natoka nje," Thuo aliongeza akipita na karai la vikombe. "Ili nisimpoteze bibi."

Nyumba ya pili katika laini ile ilikuwa ya Khaemba, mwendesha maksai kutoka Sirisia, na mkewe Nasimiyu. Nasimiyu alikuwa Mkristo wa Lugulu, mwenye kuimba akipalilia. Mmoja alikuwa na Kigikuyu, mwingine Kibukusu. Katikati yao palikuwa na Kiswahili. "Kiswahili chetu kilikuwa kibovu sana," alisema Wakonyo, "kwa hiyo hatukuweza kusengenya. Tulisema ya kweli tu, tukanyamaza."

Mwaka 1938 kifua kilimwangusha Nasimiyu. Wakonyo alipoambiwa rafiki yake hatapona, alikimbilia msituni kama kawaida. Siku ya tatu Khaemba alimfuata huko.

"Mama Wangui, anaomba kuni," Khaemba alimwambia. "Zako. Ati zangu ziko na moshi."

Hakuwa amewahi kumnyima mtu kuni. Alibeba mzigo, akapanga kuziacha mlangoni. Lakini Nasimiyu alimwona, akamwita ndani. Ilikuwa mchana, mvua nje. Wakonyo aliketi karibu na moto na kuanza kuulisha, kijiti baada ya kijiti, mpaka mgonjwa akauliza: "Dada, kwani unamzuia nani?"

Ndipo Wakonyo alipotamka, kwa mara ya kwanza tangu utoto, habari ya ngozi, ya kichaka na ya kitu kile kilichopumua majanini. Nasimiyu alisikiliza hadi mwisho. Pumzi yake ilikuwa fupi na alisema kidogo kidogo.

"Yesu naye walimtoa nje ya mji," alisema. "Ni watu wake waliomtoa."

Wakonyo alikuwa amesikia jina hilo likiimbwa kwa miaka, lakini habari hiyo hakuwa ameisikia. "Na aliporudi?"

"Wakaogopa. Walidhani ni pepo."

"Hata Yeye?"

"Hata Yeye. Akawaomba chakula."

Hapo Wakonyo aligeuza uso kuelekea mlango wa jikoni, na nilimwona akiwa tena mbele ya mlango wa mama yake. "Nikamuuliza, wakampa? Akasema, walimpa samaki, akala wakimtazama. Mgeni, nililia mpaka yule anayekufa akanishika mkono anibembeleze. Nilikuwa nimedhani njia ile nimeipita peke yangu. Kumbe kulikuwa na mtu huko kichakani, aliyetolewa kama mimi, na Yeye hakurudi kwa sababu kuni zilikwisha. Alirudi kwa sababu kifo kilimshindwa. Nasimiyu akaniambia, mimi naenda kwake, usiogope kwa ajili yangu. Akasinzia. Akafa mchana huohuo, mkono wake uko kwangu. Nilipogeuka kuangalia moto, ulikuwa umezimika, sijui saa ngapi. Na hakuna kitu kilichokuwa kimeingia."

Alimwosha Nasimiyu kwa mikono yake. Usiku huo alilala chali. Mwaka uliofuata alikwenda Lugulu, akasimama mbele ya watu kanisani akasema anaamini.

"Lakini kuni bado unazipanga," nilisema.

"Hizo si zangu. Ni za wanaouguza. Mtu akiwa na mgonjwa nyumbani hana nafasi ya kwenda msituni, basi anakuja hapa anachukua." Akasugua mikono. "Halafu kuna kitu nilikumbuka baada ya kuacha kuogopa. Miaka yote nilikumbuka jinsi kuni zilivyokwisha. Sikuwa nimekumbuka zilivyokuwa nyingi. Desturi ilikuwa vijiti vichache tu. Mimi niliwekewa mzigo mzima, umefungwa kwa kamba ya kubebea kichwani, na mwanamume hafungi mzigo kwa kamba hiyo. Ilikuwa ya mama. Aliogopa kunipa chakula, lakini kabla ya hapo alikuwa amenipa kuni za kunifikisha asubuhi. Alikuwa amekufa nilipotambua. Nilimshukuru nikiwa nimechelewa, lakini nilimshukuru."

Thuo alikuwa amesimama mlangoni na vikombe vyake. Mkewe akamgeukia.

"Kufa siogopi, Baba Wangui. Kisu naogopa kidogo. Nikilala kwa hiyo dawa, kuna atakayekesha, na nikiamka huku au kule, nitamkuta. Sasa lete chai, na safari hii utie majani."

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Khaemba alifika na gari lake la ng'ombe, maksai wanne wakifuka mvuke. Alikuwa amezeeka, ameoa tena, na alikuwa ameshuka kutoka shambani kabla ya jua ili ampeleke Wakonyo Kitale, ambako lori la misheni lingewachukua hadi Lugulu.

Nilimkuta Thuo akipakia kuni garini. Alikuwa amefikisha fungu la tatu.

"Bwana Thuo," Khaemba alisema, "tunaenda hospitari ama tunaenda kuchoma makaa?"

"Huko kuna baridi."

"Ondoa, Baba Wangui," mkewe alisema. "Unawachosha ng'ombe bure." Badala yake alimpa kikapu cha viazi vitamu vilivyochemshwa, vimefungwa kwa majani ya mgomba. "Hiki ndicho ubebe. Nikiamka nitaomba chakula."

Matope kutoka mlangoni hadi garini yalikuwa mazito kwa hali yake. Wale wanaume wawili walitandika ngozi, akajilaza mwenyewe. Khaemba alishika mbele, Thuo nyuma. Waliponyanyua, alianza kucheka, akishika tumbo kwa maumivu.

"Kuna nini?" Thuo aliuliza, uso umejaa wasiwasi.

"Mara ya kwanza hawakuniuliza. Leo nimewaita mwenyewe. Na nyinyi mnanitazama."

Walimweka garini taratibu. Khaemba alivua kofia akaomba, maneno machache ya Kiswahili na machache ya Kibukusu. Wakonyo naye alishukuru kwa ajili ya mvua iliyokatika, kwa Nasimiyu, kwa mama yake, kwa mume asiyejua kupika chai. Kisha akanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama na ufunguo wa hoteli ambao Thuo alikuwa amenitia mkononi bila kuniuliza.

"Mgeni, mtu akija kuomba kuni usimbanie. Usimuulize hata jina. Na wewe washa vizuri, hizo za upande wa kulia ndizo kavu."

Maksai wakavuta. Thuo alitembea kando ya gurudumu, kikapu kifuani, mkono mmoja juu ya ubao wa gari. Nilisimama chini ya paa nikiwatazama wakipita kinu cha posho. Wakonyo alikuwa amelala chali, uso juu, na kabla hawajafika kwenye kona niliona mkono wake ukilegea pembeni, kama wa mtu aliyepata usingizi.

Nikaenda upande wa kulia kuchukua kuni.